Mso wa mbege unachemshwa, kimea cha bia hakichemshwi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie kosa moja linaloharibu bia nyingi za nyumbani hapa Arusha na Moshi, nalo ni kuchemsha kimea cha rangi na ladha kana kwamba kinapikwa uji. Ushauri huo unapita mdomo kwa mdomo: ukipata kimea chako cha karameli au kimea cheusi, kimimine kwenye sufuria kubwa ya maji, kichemke nusu saa, “kitoe nguvu yote.” Nguvu kinatoa. Kinatoa pia ukakasi unaoganda kwenye ulimi kama umetafuna ndizi mbichi, na ukakasi huo hauondoki hata bia ikikaa miezi.

Tabia hiyo si ya kijinga, ina chimbuko lake. Uchagani ulezi ulioota na kukaushwa husagwa, hupikwa mpaka ukawa mso, ukipoa ndipo unachanganywa na nyalu ya ndizi, na magome ya msesewe yanaongeza uchungu. Mbege ni kinywaji kizito, cha kunywewa kikiwa kichanga, na wanga unaoelea ndani yake ni sehemu ya utamu wake. Hapo kupika ni sahihi kabisa. Bia ya shayiri ina matakwa mengine. Inatakiwa itulie, iwe nyororo, ikae kwenye chupa wiki nyingi bila kubadilika, na wanga pamoja na tanini (kemikali ya maganda inayoleta ukakasi) ni maadui zake. Kanuni ya mso ikihamishiwa kwenye shayiri, kinachopatikana si mbege wala si bia.

Dawa yake ni kukiloweka kimea kwenye maji ya moto yasiyochemka. Kwanza tuelewane kimea gani kinalowekwa. Kimea cha karameli kimeshapikwa huko kiwandani: kikiwa bado na unyevu hupashwa joto la digrii 65 hadi 70, wanga ukageuka sukari ndani ya ganda lenyewe, kisha kikakaangwa. Punje ukiipasua utaona ndani yake kitu kama gundi ya sukari. Kazi yako ni kuiyeyusha tu. Kimea cha chokoleti, kimea cheusi na shayiri mbichi iliyokaangwa navyo vinalowekwa, maana moto umeshaunguza sehemu kubwa ya wanga na kilichobaki ni rangi na ladha, sawa na kahawa. (Kimea cheusi kina historia yake: mtungi wa kukaangia ulipewa hataza Uingereza mwaka 1817 kwa jina la Daniel Wheeler, na tangu hapo bia nyeusi ikapata rangi kwa kimea kidogo sana.)

Kisicholowekwa peke yake ni kimea cheupe cha msingi, kimea cha aina ya Munich na Vienna, ulezi, shayiri bapa na oti. Hivi vina wanga. Vinahitaji kukaa na vimeng'enya hai, vyake vyenyewe au vya kimea cha msingi kwa visivyo navyo, kwenye digrii 62 hadi 70, kwa muda wa saa nzima, ndipo wanga ugeuke sukari. Ukivitumbukiza kwenye maji ya moto kama majani ya chai utapata maji meupe yenye wanga, bia itakayobaki na ukungu, na chakula cha bure kwa bakteria ambao hamira ya bia imewaachia kwa sababu yenyewe haiwezi kula wanga. Kipimo chake ni rahisi: weka matone machache ya maji ya kuloweka kwenye sahani nyeupe, yatandaze yawe membamba, dondosha tone la ayodini ya duka la dawa. Rangi ikigeuka bluu-nyeusi, wanga upo. Kilicho kwenye sahani mwaga, usirudishe sufuriani.

Sasa nije kwenye ukakasi wenyewe, maana hapa ndipo wengi wanaelezwa nusu ya habari. Huambiwa kwamba tanini hutoka kwenye maganda maji yakizidi digrii 77. Ni kweli, lakini joto peke yake si mwizi. Wajerumani na Wacheki wana njia ya zamani ya kuchota sehemu ya kimea pamoja na maganda yake, kuichemsha itokote, kisha kuirudisha kwenye pipa, na bia zao hazina ukakasi. Wanaponea kwenye pH, yaani kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imeongezeka. Kimea kingi ndani ya maji machache huyafanya yawe na asidi kidogo, pH kama 5.5, na katika hali hiyo tanini hubaki ndani ya ganda hata moto ukipanda. Ukichukua gramu 500 za kimea ukazimwaga kwenye lita 20 za maji, kimea hakina asidi ya kutosha kuyatuliza maji yote hayo. pH inabaki juu ya 6, joto linapanda, na ganda linaachia kila kitu. Mpishi yeyote aliyewahi kutia magadi kwenye maharage makavu ameshaliona jambo hili: maganda yanalegea upesi na mchuzi unakolea rangi. Magadi hayo hayo ndiyo yanayofanya kazi kwenye kimea, tena bila kualikwa.

Nasema bila kualikwa kwa sababu maji ya visima vingi vya miteremko ya Meru tayari yana magadi ndani yake, yaani baikaboneti ya sodiamu. Kwa hiyo mtengenezaji wa Arusha anayefuata kanuni iliyoandikwa Ulaya anaanza akiwa nyuma. Vitabu vya huko vinamwambia achemshe maji kwanza ili ugumu upungue. Kwao inafaa, maana baikaboneti yao ni ya kalsiamu: yakichemka inatua chini kama ukoko mweupe na maji yanakuwa mepesi. Ya sodiamu haitui. Ukichemsha, hewa ya kaboni inatoka, baikaboneti inageuka kaboneti, na pH inapanda zaidi. Umemaliza gesi na umeyafanya maji kuwa mabaya kuliko yalivyotoka bombani.

Kuna jambo zito zaidi ya ladha, nalo ni floraidi. Wakazi wa njia ya Usa River na Maji ya Chai hawahitaji kusimuliwa. Wanaona rangi ya kahawia kwenye meno ya watoto. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Floraidi haichemki ikatoka, inabaki sufuriani huku maji yakipungua. Maji yenye miligramu 2 kwa lita, ukianza na lita 24 ukachemsha mpaka zikabaki 20, yanakuwa na 2.4. Mkaa wa mifupa, ambao kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimeushughulikia kwa miaka mingi, unaiondoa, ila kazi yake ni floraidi, si magadi. Kwa bia ya nyumbani naona maji ya mvua yanashinda njia zote hizo. Acha mvua ya kwanza ioshe bati, kinga ya pili na ya tatu, chuja kwa kitambaa, hifadhi kwenye dumu safi lenye mfuniko. Maji hayo hayana magadi wala floraidi ya kutisha, na kwa kuwa bia huchemshwa saa nzima, vijidudu havina nafasi. Moshi mjini, wanaotumia maji ya chemchemi za Kilimanjaro wana nafuu kubwa, lakini ukishuka tambarare usidhani kila kisima ni sawa.

Asiye na maji ya mvua asikate tamaa, apunguze maji ya kuloweka. Hii ndiyo kanuni ninayoomba isomwe mara mbili: gramu 500 za kimea, lita tatu za maji, zisizidi. Katika lita tatu, kimea chenyewe kina asidi ya kutuliza hata maji yenye magadi ya wastani. Maji mengine utayaongeza baadaye, kimea kikishatolewa. Mwenye karatasi za kupimia pH, ambazo maduka ya vifaa vya maabara huuza, achote kijiko cha maji dakika tano baada ya kutia kimea, yapoe, apime. Anatafuta kati ya 5.2 na 5.8. Ikiwa juu ya 6, atie kijiko kimoja cha chakula cha maji ya ndimu, akoroge, apime tena. Vijiko viwili ndani ya lita tatu, zikija kuwa 20, havisikiki mdomoni. Usitie ndimu kabla ya kimea, maana utakuwa unakisia.

Kuhusu joto, asiye na kipimajoto anaweza kutumia hesabu. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji yanachemka kwenye digrii 95 hivi. Moshi, iliyo chini zaidi, ni karibu 97. Chemsha lita mbili mpaka zitokote vizuri, zima jiko, mimina lita moja ya maji baridi ya bomba yenye digrii kama 20. Sufuria sasa ina digrii 70 Arusha, na 71 au 72 Moshi. Ukitumbukiza gramu 500 za kimea, joto linashuka mpaka 67 au 68, na hapo ndipo panapotakiwa. Baridi ya Juni na Julai inaweza kupunguza digrii moja au mbili. Haidhuru, chochote kati ya 65 na 75 kinafaa. Changanya kwenye sufuria ile ile iliyochemshia maji, kwa sababu sufuria baridi inakula joto. Funika, izungushie blanketi, au hamishia yote kwenye hotpoti uliyoitangulizia maji ya moto. Dakika 30 zinatosha. Kuacha saa mbili hakuongezi kitu cha maana. Na usiirudishe sufuria kwenye jiko la mkaa “ipate joto kidogo,” maana chini kutafika 85 huku juu kukisoma 65, na mfuko wa kimea ndio unaokaa chini.

Kusaga nako kunaharibu. Mashine ya unga wa sembe inatoa vumbi na kuchanachana maganda; mashine ya kukoboa inaliondoa ganda na nusu ya punje. Kimea kinatakiwa kipasuke tu, punje vipande viwili, vitatu, ganda likiwa karibu zima. Tumia kinu na mchi kwa mkono mwepesi, konzi mbili kwa wakati, au tandaza kimea kwenye meza ndani ya mfuko wa nailoni na ukisukumie chupa kama unavyosukuma chapati. Peta vumbi kwenye ungo kabla ya kuloweka. Pasua siku ile ile unayopika, kwa kuwa kimea kilichopasuliwa kinanyonya unyevu na kupoteza harufu.

Mfuko wa kulowekea uwe wa marekani au kitambaa kingine cheupe chepesi. Kitambaa kipya kichemshwe kwanza kitoe wanga wa dukani, na kanga isitumike, inatoa rangi. Ujaze nusu tu. Kimea kilichobanwa kama pamba kwenye mto kinalowa nje na kubaki kikavu katikati, huo ndio mwanzo wa malalamiko kwamba “kimea hiki hakina nguvu.” Uinue na kuushusha mfuko mara tatu nne ndani ya nusu saa ile. Ukiutoa, uache udondoshe maji dakika tano juu ya chujio, mimina lita moja ya maji ya digrii 70 hivi kuusuuza, basi. Kuna ubishi mkubwa kuhusu kukamua mfuko. Kwa maoni yangu, kama pH ni nzuri, kuubonyeza kwa mwiko hakuleti ukakasi. Kuunyonga kama nguo ya kufua kunaleta unga na wanga, ndiyo maana siushauri.

Sasa una karibu lita tatu na nusu za togwa la rangi, yaani maji ya kimea ambayo bado hayajachachushwa. Ongeza maji mpaka kiasi chako cha kuchemshia, pandisha moto, na yakianza kuchemka zima jiko kabla ya kumimina dondoo la kimea (sukari ya kimea iliyokolezwa, ya unga au ya rojo), ukoroge mpaka liyeyuke lote. Likitua chini moto ukiwaka, linaungua na bia nzima inanuka masizi. Kisha chemsha saa nzima pamoja na hopsi, maua yanayoipa bia uchungu. Kwa kuwa maji yetu yanachemka chini ya digrii 100, hopsi hutoa uchungu kidogo kuliko kanuni inavyosema; ongeza kiasi au muda. Kuchemsha huku baada ya kuloweka si hiari. Maganda ya nafaka yamejaa bakteria wa uchachu, na digrii 67 haziwaui wote. Anayeloweka kimea kwenye togwa lililokwisha chemka na kupoa ameipanda bia mbegu ya siki kwa mkono wake.

Vipimo vya lita 20: dondoo kavu kilo 2.5, kimea cha karameli gramu 300 hadi 500, na kwa bia nyeusi ongeza gramu 100 hadi 200 za kimea cheusi au shayiri iliyokaangwa. Kimea cha karameli kikizidi kilo moja, bia inakuwa na utamu wa kukinaisha, kwa sababu sehemu ya sukari yake hailiwi na hamira. Kisitegemewe kuongeza kilevi: gramu 500 zinapandisha haidromita (chombo cha kupimia wingi wa sukari kwenye togwa) kwa alama nne hivi, tuseme kutoka 1.046 hadi 1.050.

Kimea cheusi kina njia nyingine ninayoipenda kuliko zote, ya maji baridi. Kiloweke kwenye maji mara sita ya uzito wake, usiku kucha ndani ya friji, saa 12 hadi 24, chuja, kisha maji yake yachemshwe pamoja na togwa dakika 15 za mwisho. Ladha inakuwa laini, kama kahawa isiyo na ukali, na huhitaji kipimajoto. Kisilale siku mbili, kitachacha.

Ukionja bia na kuona kuna kasoro, tofautisha mambo matatu kabla ya kulaumu kimea. Uchungu unaokaa nyuma ya ulimi na kuondoka ni wa hopsi. Uchachu unaotoa mate ni wa bakteria, tafuta uchafu kwenye ndoo na mipira ya kuhamishia bia. Ukakasi unaokausha fizi na mashavu, kama chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, ndio wa maganda, na sababu zake ni zile nilizotaja: maji mengi, maji yenye magadi, moto mkali, unga mwingi. Kwa mwenye maji ya magadi kidogo asiye na njia nyingine, naona heri atengeneze bia nyeusi kuliko bia nyeupe. Kimea kilichokaangwa kina asidi zaidi na kinayastahimili maji hayo. Bia nyeupe inayaanika hadharani.

Nimalize kwa maombi matatu, Ndugu Mhariri. Gazeti lenu linapochapisha kanuni za vinywaji, liandike joto kwa digrii na maji kwa lita. “Maji ya moto kiasi” hayamsaidii mtu. Wauzaji wanaofungasha kimea kwenye mifuko isiyo na maandishi waandike aina yake na tarehe ya kukaangwa, na waseme kama kinalowekwa au kinahitaji kimea cha msingi, kwani punje za Munich na za karameli nyepesi huwezi kuzitofautisha kwa macho mpaka uzitafune: ya karameli ni ngumu kama peremende, ya Munich inasagika kuwa unga. Na mamlaka za maji zinazopima maji yetu zibandike ofisini kwao, pamoja na bei, kiwango cha floraidi na cha baikaboneti kwa kila chanzo, kwa lugha ya Kiswahili na kwa miligramu.

Wenu,
Msomaji, Sakina, Arusha